Usaha wa Sikio na Damu ya Ukoo

Wamisri wa kale waliandika dawa ya sikio linalotoa usaha katika mafunjo ya Ebers, yapata 1550 K.K. Hippocrates naye alionya kwamba maumivu makali ya sikio yakifuatana na homa huweza kuua. Karne ya 16 Bartolomeo Eustachi akaeleza ule mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, na baadaye matabibu wakashughulika na kuuzibua. Ukoo haukuulizwa. Aliyeulizwa ni mama: ulimwogeshaje huyu mtoto?

Fununu ya urithi ilitoka kifuani. Mwaka 1933 Manes Kartagener, daktari wa Zurich, alieleza wagonjwa waliokuwa na mapafu mabovu, pua isiyokauka, na moyo ulioelekea kulia. Ilipofika 1976 Björn Afzelius akaonyesha chanzo: vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makamasi mwilini vilikuwa vimeganda tangu kuzaliwa. Vinyweleo hivyohivyo ndivyo vinavyosafisha sikio la kati, kwa hiyo watu hao hujaa majimaji masikioni tangu utotoni.

Lakini hao ni wachache. Vipi mamilioni wengine? Mwaka 1999 watafiti wa Pittsburgh walilinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, wakakadiria kuwa urithi unaeleza takriban asilimia 73 ya tofauti za muda ambao watoto hukaa na majimaji masikioni. Takwimu hii hupotoshwa sana. Inahusu tofauti baina ya watoto wale waliochunguzwa. Haisemi kwamba robo tatu ya ugonjwa wa mwanao imetoka kwa babu yake. Moshi jikoni, msongamano chumbani na umbali wa zahanati vina sehemu yao.

Kisha jeni zenyewe zikaanza kutajwa. Mwaka 2006, huko Harwell, Uingereza, ilibainika kwamba panya wa maabara wa koo mbili, Jeff na Junbo, waliumwa masikio kwa hitilafu ya jeni moja tu, kila ukoo na yake. Mwaka 2015 hitilafu ya jeni ya A2ML1 ilihusishwa na ugonjwa huo katika jamii ya wenyeji wa Ufilipino wanaooana ndani kwa ndani. Hitilafu ileile ikapatikana kwa watoto wachache wa Marekani.

Ugunduzi ulionivutia zaidi ni wa 2018: FUT2, jeni inayopanga sukari juu ya utando wa mwili, ambako vijidudu hujishikiza. Ikiharibika, sikio huugua kwa urahisi zaidi, ila norovirusi wengi, wale wa kuharisha na kutapika, hukosa pa kushika tumboni.