Tortikolisi: mkazo wa shingo wa kuzaliwa

Mtoto mchanga akiwa kila mara amelaza sikio kwenye bega la kulia huku kidevu kimeelekea kushoto, daktari huandika kwenye kadi yake: tortikolisi. Ni Kilatini hicho. Tortus ni kilichosokotwa, collum ni shingo.

Mfasiri mwenye haraka atasema "shingo upande" na kudhani kamaliza. Lakini maneno hayo yana kazi yake tayari: anayekubali jambo kwa shingo upande shingo yake ni nzima, moyo ndio uliogoma. "Shingo kombo" inakaribia, ila kombo ni dosari, na mzazi akisikia dosari hudhani mwanawe ana kilema cha maisha. Mimi nasema mkazo wa shingo wa kuzaliwa, kwa sababu kinachokaza ni msuli. Msuli huo huanzia kwenye mfupa wa kidari na mtulinga, ukapanda hadi mfupa ulio nyuma ya sikio. Ule wa kulia ukifupika, huvuta sikio kulia na kukigeuza kidevu kushoto. Mara nyingi hutokana na namna mtoto alivyojikunja tumboni, au na uzazi mgumu. Wiki za mwanzo huweza kuonekana kivimbe msulini, ambacho kwa kawaida hutoweka chenyewe.

Kilichofupika hurefushwa. Mtaalamu wa fiziotherapia humfundisha mama kunyoosha shingo taratibu, kumlaza mtoto kifudifudi akiwa macho na akiangaliwa, na kumletea kila kinachomvutia, uso, mwanga, kayamba, hata titi, upande asiopenda kugeukia. Yakianza mapema, mazoezi haya huwaponya wengi bila upasuaji.

Masaji, utepe wa kubandika shingoni, mikono ya osteopathi anayekanda na kunyoosha viungo: hizo ni tiba saidizi, na msaidizi huja mwenye kazi akiwepo. Wanaoziita tiba mbadala wamemfukuza mwenye kazi, ilhali ushahidi wa nyingi kati ya hizo bado ni haba. Bibi anayejua kukanda kwa mafuta ya nazi na akande mgongo na mabega, mtoto atulie kabla ya mazoezi. Kichwa asikivute. Daktari naye akague nyonga, maana kasoro zake wakati mwingine huandamana na shingo hii. Shingo iliyopinda ghafla, tena na homa, ni ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.