Daraja la Miti na Daraja la Chuma

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu mwenye nia ya kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, mtu huyo hukaa chini akapiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Mara nyingi nimeufundisha mfano huo kwa wakatekumeni wetu hapa Bihambwe, na sikuzote nilidhani hesabu yenyewe ni moja tu: je, fedha zatosha au hazitoshi? Likizo iliyopita nilijifunza kwamba nyuma ya swali hilo yako maswali mengine mengi, na kwamba maswali hayo yamekuwa elimu nzima, yenye vitabu vyake na walimu wake, nayo hufundishwa katika vyuo vikuu kwa vijana wanaosomea uinjinia.

Aliyenifunulia habari hiyo ni kijana wa kwetu anayesoma mjini Goma. Alikuja kunisalimu, daftari mkononi, amekunja uso.

"Mwalimu," akasema, "tumeletewa somo la fedha. Mimi nilikwenda kusomea madaraja, sikwenda kusomea duka."

Nikamjibu, "Keti, mdogo wangu, unionyeshe."

Tukakaa hata jioni. Sisi tuliopita seminari tulinyweshwa Kilatini kuliko hesabu, kwa hiyo ilimbidi aeleze polepole. Na katika kunieleza mimi, nadhani naye alianza kuelewa.

Elimu hii haikuzaliwa dukani. Mwaka wa 1747 Wafaransa walianzisha mjini Paris shule ya mainjinia wa madaraja na barabara, nayo ikawa mama wa shule nyingi za namna hiyo. Katika jeshi hilo la mainjinia wa serikali alikuwamo Jules Dupuit, ambaye mwaka wa 1844 aliandika makala juu ya namna ya kupima faida ya kazi za umma. Swali lake lilikuwa hili: daraja lina faida gani kwa watu? Wengi walijibu kwamba faida ni jumla ya ushuru unaolipwa na wapitaji. Dupuit akasema sivyo. Mtu alipaye senti tano kuvuka huenda angekubali kulipa hata ishirini kuliko kuzunguka. Basi faida yake ni ile ishirini, wala si tano. Tena mtu anayeshindwa kulipa ushuru na kurudi nyumbani, huyo naye ni hasara, ingawa hakuna kitabu cha hesabu kinachomwandika. Nilipoelezwa hayo niliwafikiri akina mama wanaopanda milima yetu ya Masisi na viazi na maharagwe mgongoni, na wenye jibini ambao mzigo wao haungoji.

Kutoka Ufaransa tuvuke bahari mpaka Marekani. Huko, katika karne ya 19, makampuni yalikuwa yakitandaza reli kwa mbio kubwa, nyingi zikipita mahali pabaya. Injinia mmoja, Arthur Wellington, alitoa mwaka wa 1877 kitabu juu ya kuchagua njia ya reli, akakiongeza sana mwaka wa 1887. Fundisho lake ni kwamba gharama ya mlima haiishi siku ya kufungua njia. Kila gari-moshi linalopanda mteremko mkali linakula makaa zaidi, na kila kona inasugua magurudumu, leo na kesho na miaka yote. Anayejenga rahisi huenda anawawekea wajukuu wake deni. Hapa mimi sina haja ya mfano wa Marekani. Nakijua kijiji kimoja kilichojengewa bomba la maji lenye pampu nzuri, zikafanyika ngoma na hotuba. Lakini hakuna aliyeuliza vipuri vitanunuliwa na nani. Leo kina mama wamerudi mtoni, na watoto hucheza juu ya saruji.

Baadaye mwalimu mwingine wa Marekani, Eugene Grant wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikusanya mambo haya katika kitabu cha darasani kilichotoka mwaka wa 1930, na vizazi vya wanafunzi wamekitumia. Tangu hapo somo likaenea.

Sasa nafika kwenye jambo lililonishtua mimi katekista. Msingi wa hesabu hizo zote ni riba. Je, Kanisa halikukataza riba kwa karne nyingi? Ndiyo, lilikataza, na kwa sababu njema, maana maskini walinyonywa mpaka mifupa. Lakini walimu wa Kanisa wenyewe ndio waliokaa kufikiri tofauti iliyopo kati ya kumnyonya mwenye njaa na kulipia fedha iliyokuwa kazini. Mfransisko Petro Yohane Olivi, aliyefariki mwaka wa 1298, alifundisha kwamba fedha ambayo mfanyabiashara ameiweka tayari kwa kazi yake ina ndani yake kama mbegu ya faida. Anayemwondolea fedha hiyo anamwondolea na mavuno. Mtakatifu Bernardino wa Siena na Mtakatifu Antonino wa Firenze, wote wa karne ya 15, waliendelea na mawazo hayo. Katika karne hiyohiyo Wafransisko walianzisha nchini Italia nyumba za kukopesha maskini kwa malipo madogo, na mwaka wa 1515 Papa Leo X, pamoja na Mtaguso wa Laterano, alizithibitisha. Na Papa Benedikto XIV, mwaka wa 1745, alikataa tena riba inayodaiwa kwa sababu ya mkopo peke yake, ila alikubali kwamba zaweza kuwapo sababu nyingine za haki za kudai nyongeza. Basi daftari la kijana wetu lina babu watawa, na yeye hakujua.

Turudi kwenye daraja, maana hapo ndipo nilipoona nguvu ya somo hili. Tuseme mto mmoja wahitaji daraja. La miti litagharimu dola 2,000, nalo litadumu miaka 5, kisha lijengwe upya. La chuma litagharimu dola 6,000, nalo litadumu miaka 30. Mtu wa kawaida atagawanya tu: miti ni dola 400 kwa mwaka, chuma ni dola 200. Chuma kimeshinda! Lakini fedha hazitoki hewani. Zimekopwa, au zimeondolewa katika kazi nyingine. Ukihesabu riba ya asilimia 5, daraja la miti lagharimu dola 462 kwa mwaka na la chuma dola 390. Bado chuma chashinda. Riba ikifika karibu na asilimia 7, madaraja mawili yanalingana. Ikiwa asilimia 10, miti ni dola 528 na chuma dola 636. Sasa miti imeshinda, na hakuna msumari uliobadilika.

Nilimwomba arudie mara mbili, nikidhani amekosea. Hakukosea. Nchi yenye amani hukopa kwa bei nafuu, hujenga kwa chuma na kusahau. Nchi yenye vita hukopa ghali, maana mkopeshaji hutia hofu yake ndani ya riba. Basi hujenga kwa miti, na kila miaka mitano hukata miti mingine. Asiyejua hesabu hii hutucheka akisema watu wa milimani hawapendi vitu vya kudumu. Aje aulize bei ya mkopo sokoni kwetu!

Lakini hesabu sahihi yaweza kusimama juu ya neno lisilo hakika, na mfano mkubwa wa jambo hilo uko katika nchi yetu wenyewe. Kwenye maporomoko ya Inga, karibu na Matadi, bwawa la kwanza lilimalizika mwaka wa 1972, na la pili mwaka wa 1982. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliamua kuupeleka umeme wa Inga mpaka machimbo ya shaba ya Katanga, mkoa ulioitwa Shaba wakati ule, kwa waya wa kilometa 1,700 hivi, mpaka Kolwezi. Kwa ufundi tu, kazi ile ilikuwa ya ajabu. Ulikuwa mmoja wa waya mrefu kuliko zote duniani. Sababu zilikuwa za uchumi na za siasa pia, kwa kuwa mkoa uliokwisha kujaribu kujitenga ungepata umeme wake kutoka mbali, karibu na mkono wa serikali.

Makisio yalitegemea bei nzuri ya shaba. Shaba ilipanda sana mwezi wa Aprili 1974, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Mwaka wa 1976 nchi iliomba kupanga upya madeni yake. Vita vya Shaba vikaja mwaka wa 1977 na 1978. Umeme ulifika mwaka wa 1982, na gharama ilikuwa imepita makisio ya kwanza kwa mbali. Kijana wetu alinionyesha kwa nini ucheleweshaji ni adui: ukikopa dola 100 kwa asilimia 8, ukakaa miaka 9 bila kuuza kitu, deni limekuwa dola 200. Nguzo zimesimama zikingoja, na riba haingoji.

Tena waya ule ulichukua umeme wa namna isiyoweza kugawiwa njiani kwa urahisi. Kuuchota kwahitaji mitambo ya bei kubwa. Kwa hiyo nguzo zilipita juu ya vijiji vingi, na chini yake watu waliendelea kuwasha koroboi. Dupuit angeuliza: hao wameandikwa wapi? Na katika Katanga penyewe mto Lualaba una maporomoko. Bwawa la Busanga, si mbali na Kolwezi, limekuja kujengwa katika miaka ya karibuni.

Chuo kikuu kilichofunguliwa Elisabethville mwaka wa 1956, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chafundisha mainjinia katika mkoa huohuo waya ulikofikia. Kwa maoni yangu habari ya Inga na Kolwezi ingetosha kuwa muhula mzima wa somo hili, kuliko mifano ya viwanda ambavyo mwanafunzi hajaviona. Kitivo cha uinjinia cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka wa 1973, kilikuwa na desturi njema ya kuwapeleka wanafunzi viwandani na mahali pa ujenzi wakajifunze kwa mikono. Huko kijana huona kwamba mashine ina bei, na kusimama kwake pia kuna bei.

Jioni ilipoingia nilimwuliza kijana wetu: katika hesabu yako ya asilimia 10, umelihesabu daraja la miti siku za masika, maji yanapolichukua? Akanyamaza, kisha akachukua kalamu. Miti imeshinda chuma kwa dola 108 kwa mwaka. Kama daraja la miti hufungwa siku 10 kila mwaka, basi hasara ya dola 11 tu kwa siku yatosha kuigeuza hukumu. Dola 11! Hiyo ni mizigo michache ya viazi inayooza kando ya mto. Akacheka kwa furaha, akaandika mstari mpya: viazi. Chini yake akaandika jibini, kisha nauli za pikipiki zinazopotea.

Nikamwambia, "Na mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyeletwa kwa machela usiku ule?"

Aliandika neno "mama" kwenye mstari uliofuata, akaiacha safu ya dola wazi. Akasema atakwenda nayo hivyo hivyo kwa mwalimu wake, amwulize.