NESI NA HISTORIA, SEHEMU YA 4: Safari ndefu ya kukitafuta kinyama tumboni

Leo tunaongelea choo, kwa hiyo kama unakula, malizia kwanza 😅

Mama mmoja wa hapa Mwamanyili ameniruhusu nisimulie. Mwanaye mdogo alikuwa anatoa damu kidogo kila akimaliza kujisaidia, lakini halii wala haumwi. Jirani akasema bawasiri, mwingine kichocho. Tukapima choo, kichocho hakuna. Akapewa rufaa, na huko wakakuta kinyama ndani ya utumbo, wakakitoa. Sasa anakimbiza kuku.

Kinyama hicho kinaitwa polipu. Kinaota kwenye ukuta wa utumbo mpana. Kwa watoto mara nyingi si cha kutisha. Kwa watu wazima kuna aina ambayo taratibu, kwa miaka mingi, inaweza kugeuka saratani. Ukikiwahi na kukitoa, umeizuia saratani kabla haijaanza. Shida ni kukiona.

Zamani madaktari waliona tatizo hili si letu sana. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago, Kampala. Ndiye aliyeueleza ule uvimbe wa taya wa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari karibu kilomita 16,000 ndani ya wiki 10, hospitali hadi hospitali, wakiuliza umeonekana wapi. Baadaye akahamishia maswali yake chooni: kwa nini polipu na saratani ya utumbo mpana ni nyingi Ulaya, na vijijini Afrika ni nadra? Mwaka 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula chenye nyuzinyuzi. Kwa hapa kwetu ungesema ugali wa mtama, michembe, mlenda. Si kila alichosema kilithibitishwa, ila ushauri wa kula nyuzinyuzi bado tunautoa kliniki.

Tatizo ni kwamba "nadra" watu wakaisikia kama "haipo". Na siku hizi nasi tunakula sembe nyeupe, chipsi na soda.

Mwaka huohuo wa 1971, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa CT-Scan iliyotengenezwa na Godfrey Hounsfield. Hesabu za kazi hiyo mwanafizikia Allan Cormack alianza kuziwaza Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1956. Wote wawili walipata Nobel mwaka 1979.

Kichwa kilipigika picha vizuri. Utumbo ukasumbua, kwa sababu ya kinyesi. Kipande kilichoganda ukutani kinafanana na polipu, na maji yaliyobaki yanaifunika polipu yenyewe. Mwaka 1994 David Vining wa Marekani alionyesha namna kompyuta inavyounganisha picha hizo mpaka daktari "anatembea" ndani ya utumbo bila kuingiza kamera. Lakini uchafu ukabaki palepale.

Ndipo wakaja na usafi wa kompyuta. Pamoja na dawa ya kuharisha, mgonjwa anakunywa bariumu na dawa yenye ayodini. Kinyesi na maji yaliyobaki vinang'aa weupe kwenye picha, kompyuta inaufuta weupe wote, ukuta wa utumbo unabaki wazi. Fikiria ungeweza kuyapaka rangi mawe yote ya kwenye mchele kabla hujaanza kuchambua!

Mwaka 2003 Perry Pickhardt na wenzake walitoa matokeo ya watu wazima 1,233 wasio na dalili, waliopimwa CT-Scan ya aina hii na kamera siku moja. Vinyama vya ile aina ya hatari, vya milimita 10 na zaidi, CT-Scan ilivigundua karibu 94 kati ya kila 100, kamera karibu 88.

Ila jueni, CT-Scan inaona tu, haikati. Ikikuta kitu, kamera lazima ifuate ndiyo ikitoe. Na mtoto hatukimbilii kumpiga CT-Scan, kwa sababu ya mionzi.

Mashine hiyo hatuna zahanati, tunaifuata hospitali za rufaa kama Bugando, Mwanza. Na si kila penye CT-Scan wanafanya kipimo hiki cha utumbo. Kwa hiyo safari yetu sisi inaanzia chooni.

Yule mtoto alipona kwa sababu mama yake aliangalia kwenye poti. Mtoto ana mama. Baba wa miaka 50 nani anamwangalia? Anaona damu, anaona aibu, ananunua dawa ya bawasiri, mwaka unapita.

Leo usiku muulize mzee wako, na mama mkwe pia umuulize kwa heshima: kuna damu kwenye choo? Choo kimebadilika wiki kadhaa sasa? Unakonda, unaishiwa damu bila sababu? Sisi wa kando ya ziwa kichocho kipo kweli, kwa hiyo mpimwe choo kwanza. Ila mkitibiwa na damu ikaendelea, rudini. Msikubali kuambiwa "ni kawaida".

Maswali niachieni hapo chini, ya aibu niandikieni pembeni.