Kitanda cha Mgeni Mjini Dodoma

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu akisema anakwenda hotelini aghalabu anafuata chai na chapati. Anayetafuta pa kulala huuliza gesti. Wako wanaolicheka jambo hili na kuliita upotofu wa lugha. Sisi hatucheki. Kwa muda mrefu hoteli zenye vitanda hazikuwa zetu, na lugha imelihifadhi jambo hilo.

Tutazame Dodoma. Kabla ya reli, misafara iliyokatiza Ugogo kwenda Unyanyembe ililipa hongo kwa watemi, ikanunua maji na nafaka, ikalala kambini. Msafiri mwenye ndugu au mtani alipokewa ndani ya tembe. Hakudaiwa kitu, ila habari za huko atokako.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Hoteli ya reli ikasimama jirani na stesheni kwa ajili ya maofisa na walowezi, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza. Mwafrika aliijua kwa upande wa jikoni, akiwa mpishi, boi au dobi. Aliposafiri yeye mwenyewe, alibisha hodi kwa mtu wa kwao.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo huo. Lakini wizara hazikuhama kwa haraka. Waliokuja na kuondoka ni wajumbe wa vikao. Na mji unaopokea wajumbe bila kupokea wakazi huzaa vitanda kuliko nyumba. Bunge lilipohamia huko mwaka 1996, wenye viwanja walijenga gesti hata katika mitaa isiyokuwa na lami.

Twazikumbuka gesti hizo: vyumba vimezunguka ua, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, kandambili mbili zisizolingana, na ndoo ya maji ya moto alfajiri. Mlangoni palikuwa na daftari kubwa la wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Mtafiti atakayeyakusanya madaftari hayo atapata historia ya safari za wananchi ambayo haimo katika majalada ya ofisi yoyote.

Tulipokuwa makarani vijana tulitumwa Dodoma wakati wa kikao cha Bunge. Bei ya chumba ilikuwa imepanda kupita posho yetu ya kujikimu, na gesti tuliyoahidiwa nafasi ilikuwa imempa chumba mwenye kulipa zaidi. Tuliketi katika benchi la mapokezi hadi saa sita usiku. Mama aliyekuwa akifua mashuka pale akatuambia, "Wanangu, twendeni nyumbani." Tukalala kwake Chang'ombe, juu ya mkeka, na asubuhi alikataa fedha. Tuliona haya, maana tulikuwa na posho mfukoni.

Hayo hatuyasemi kwa kuzibeza gesti. Zimesomesha watoto, zimewapa kazi wanawake wengi waliokuja mjini bila cheti, na halmashauri imepata ushuru. Udhaifu wake ni kwamba zilimtegemea mteja mmoja mkubwa, yaani Serikali. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilipoamriwa kwamba mikutano ya kazi itumie kumbi za serikali, wenye hoteli katika miji mingi walitikisika. Dodoma iliokolewa na uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamisha wizara kwa kweli. Hata hivyo mtumishi aliyehama hulala gesti kwa wiki chache tu; kisha hupanga nyumba, hujenga, na ndugu zake wakija hulala sebuleni kwake.

Na reli imerudi tena katika habari hii. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 humtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha kwa saa zisizozidi nne. Ofisa aliyekuwa akilala siku mbili kwa kikao cha asubuhi moja aweza sasa kurudi kwake jioni ile ile. Wenye gesti wa karibu na stesheni ya zamani wameanza kupangisha vyumba kwa mwezi, kwa wanafunzi wa vyuo na wauguzi, na katika baadhi yao daftari la wageni haliko tena mlangoni.