Meli iliyoungua Manza na vita vilivyofika Same

WILAYA ya Same haina bahari, lakini simulizi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika eneo hilo haikamiliki bila kuitaja meli ya mizigo iliyoungua na kuzama katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 14, 1915.

Meli hiyo, Rubens, ilikuwa mali ya Waingereza na ilikamatwa na Wajerumani mjini Hamburg vita vilipoanza mwaka 1914. Februari 1915 iliondoka Ujerumani chini ya nahodha Carl Christiansen, ikitumia jina la Kronborg na bendera ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani.

Shehena yake ilikuwa makaa ya mawe ya manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na mamilioni ya risasi kwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck.

Ilipokaribia Tanga, ilifukuzwa na manowari ya Uingereza, Hyacinth. Hitilafu ya mashine iliichelewesha Hyacinth, na Rubens ikapata mwanya wa kuingia Manza. Huko ilipigwa mizinga. Christiansen aliamuru meli ijazwe maji kwa makusudi, huku moto ukiwaka juu ya sitaha. Waingereza waliondoka wakiamini kuwa shehena imeteketea.

Hata hivyo, meli ilikuwa imezama katika maji ya kina kifupi, na maji hayohayo yaliikinga shehena dhidi ya moto. Silaha na risasi nyingi ziliopolewa. Kwa kuwa risasi zilikuwa zimelowa, zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa na kuundwa upya, ingawa baadhi hazikuweza tena kutegemewa.

Reli ya Tanga hadi Moshi, iliyokamilika mwaka 1911 na kupita Same chini ya Milima ya Upare, ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kupeleka vifaa kutoka pwani hadi uwanja wa vita wa Kilimanjaro.

Makaa hayakuifikia Königsberg, ambayo iliangamizwa Rufiji Julai 11, 1915. Mizinga yake iliondolewa na kutumika nchi kavu.

Machi 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliiteka Moshi. Mei mwaka huo yalishuka kando ya reli na Mto Pangani, na Same ikatoka mikononi mwa Wajerumani.

Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kuelekea kusini, akaendelea kupigana hadi Novemba 25, 1918, alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia.

Gharama kubwa ya vita hivyo ilibebwa na wenyeji. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wa pande zote mbili, walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi wao hawana makaburi yanayojulikana.