Galileo na Waamuzi Wake

Sisi tufundishao shuleni twaulizwa mara nyingi swali hili: "Mwalimu, tusadiki lipi? Kitabu cha jiografia chasema dunia yalizunguka jua, na Kitabu cha Yoshua chasema jua lilisimama." Mtoto aulizaye hivyo hafanyi mchezo. Aogopa kwamba akishika kimoja, hana budi kukitupa cha pili. Hofu hiyo hiyo iliwapata zamani watu wakubwa wenye elimu nyingi, nayo ilimletea mtu mmoja mateso. Habari zake ni hizi.

Galileo Galilei alizaliwa Pisa, katika Italia, mwaka 1564. Kabla ya hapo, mwaka 1543, Copernicus alikuwa amekwisha chapa kitabu akisema kwamba dunia ndiyo iendayo, wala si jua. Mwaka 1609 Galileo alipata habari za bomba lenye vioo lililotengenezwa Uholanzi, la kuonea vitu vya mbali. Akajifanyia darubini yake mwenyewe, akaielekeza mbinguni. Januari 1610 aliona nyota ndogo nne kando ya Mshtarii, zikihama mahali usiku kwa usiku. Akatambua kuwa ni miezi yake. Basi si vyote vya mbinguni viizungukavyo dunia. Tena aliiona Zuhura ikikua na kupungua kama mwezi, jambo lililoyavunja mafundisho ya kale ya Ptolemy.

Lakini hayo hayakutosha kuhakikisha kwamba dunia yenda. Mwaka 1615 Kardinali Bellarmine aliandika kwamba hoja ya hakika ikipatikana, itapasa Maandiko yaelezwe kwa uangalifu mwingi. Ila yeye alishuku kama hoja hiyo iko. Mwaka huo huo Galileo aliandika kwamba Maandiko yalitolewa kwa ajili ya wokovu wa watu, si kwa kufundisha mwendo wa nyota. Wawili hao hawakuwa mbali sana. Hata hivyo mwaka 1616 wakuu wa Rumi walilikataza fundisho lile. Galileo alipotoa kitabu kingine mwaka 1632, aliitwa mbele ya waamuzi. Na Juni 1633, mzee wa miaka 69, alipiga magoti akayakana maneno yake. Akawekwa kizuizini mpaka kufa kwake mwaka 1642.

Na tuseme kweli pande zote mbili. Hoja aliyoitegemea Galileo kuliko zote ilikuwa ya maji kujaa na kupwa, akidhani mwendo wa dunia ndio uyatikisao. Hapo alikosa, kila mvuvi wa pwani yetu ajua kwamba bamvua hufuata mwezi. Mwaka 1838 Mjerumani Bessel alipima jinsi nyota moja ionekanavyo kusogea kidogo sana katika mwaka, kwa kuwa sisi tuitazamao twachukuliwa na dunia. Hivyo elimu ilisahihisha hoja ya Galileo, ikathibitisha neno lake.

Hapo ndipo tuonapo tofauti. Elimu ya maumbile hupima, hungoja ushahidi, na hukubali kusahihishwa hata na mwanafunzi. Imani ni kumtumaini Mungu na kuishika njia yake. Mizani ya dukani hupima sukari, haipimi ahadi ya rafiki. Wala ahadi ya rafiki haituambii uzito wa sukari. Waamuzi wa Galileo walitaka kukata kwa amri jambo la kupimwa. Kitabu chake kiliondolewa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835 tu, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kosa la waamuzi wale.

Basi mtoto akituuliza, tusimkaripie, wala tusimcheke. Tumpe darubini kama ipo, atazame mwenyewe. Na jioni akitaka kusali, asione haya. Galileo naye alisali hata mwisho wa maisha yake, na miezi ile minne aliiona kwa macho yake.