Matiti Yanauma Kila Ukikaribia Siku Zako? Soma Hapa Kabla Hujahofia Kansa

Imebaki wiki moja uingie mwezini. Unaamka asubuhi matiti yamejaa, mazito, ukigusa unashtuka. Bibi anakwambia hilo ni chango, shoga yako anakwambia wahi, hiyo ni kansa. Wewe unaona aibu kumuuliza mtu mwingine, basi unakaa kimya na hofu yako.

Dada yangu wa Tanga, Muheza, Pangani au popote ulipo, tulia kwanza. Maumivu ya matiti ni jambo la kawaida sana kwa wasichana na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, na mara nyingi sana siyo kansa. Ila kuna dalili ambazo hutakiwi kuzifumbia macho, na kubwa kati yake huwa haiumi kabisa.

KWA NINI YANAUMA?

1. Homoni za mwezi
Hii ndiyo sababu namba moja kwa mabinti. Wiki moja au mbili kabla ya hedhi, homoni huyafanya matiti yavute maji na kujaa. Maumivu haya huwa pande zote mbili, zaidi sehemu ya juu kuelekea kwapani. Damu ikianza kutoka, yanapungua yenyewe. Mwezi unaofuata yanarudi tena.

2. Mimba changa
Kama siku zimepita na matiti yanauma, pima mkojo kwanza. Usinywe dawa yoyote kabla hujajua.

3. Njia za uzazi wa mpango
Vidonge, sindano au kijiti vinaweza kuleta maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Usiache kienyeji ukaja kupata mimba usiyoitarajia. Rudi kwa nesi aliyekupa, akubadilishie kama ipo haja.

4. Misuli na mbavu
Wakati mwingine siyo titi linalouma, ni kifua chini yake. Umebeba ndoo za maji, umefua nguo za familia nzima, au umepiga baiskeli umbali mrefu huku umempakia mtu. Bonyeza mbavu pembeni ya titi. Ukipapata pale pale panapouma, huenda shida ni msuli au mbavu.

5. Kunyonyesha
Titi likiwa jekundu, la moto na una homa, huo ni uambukizo au maziwa yameganda. Endelea kumnyonyesha mtoto, weka kitambaa cha maji baridi, na nenda kituo cha afya. Ukichelewa linaweza kugeuka jipu la kupasuliwa.

JE, NI KANSA?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaogopa kinachouma na kupuuza kisichouma. Kansa ya matiti inapoanza, mara nyingi huja kama uvimbe mgumu usio na maumivu. Mtu anauona, anasema "mbona hauniumi," anaendelea na shughuli zake. Anakuja kufika hospitali mwaka umekatika.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na kansa ya matiti duniani, na 670,000 walifariki. Hapa Tanzania ni ya pili kwa wanawake baada ya kansa ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kwa mabinti wa miaka 20 ni nadra, ila haina maana haiwezekani.

Na siyo kila uvimbe ni kansa. Wasichana wengi hupata kivimbe cha mviringo kinachoteleza chini ya kidole kama gololi. Mara nyingi hakina madhara, lakini anayetakiwa kusema hivyo ni daktari baada ya kupima, siyo wewe wala jirani.

FANYA HIVI NYUMBANI

- Andika kwenye kalenda ya simu siku matiti yanapoanza kuuma, siku yanapoacha, na siku ya hedhi. Fanya hivyo miezi miwili au mitatu. Ukiona yanafuata mwezi, hofu itapungua sana.
- Vaa sidiria inayokukaa sawa. Za mitumba pale Tangamano siyo mbaya, ila jaribu saizi. Isikubane mpaka ikaacha alama, wala isilegee. Ukicheza mpira au kukimbia, vaa inayoshika vizuri. Usiku ukiona yanauma, vaa laini.
- Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu au cha baridi, chochote kinachokupa nafuu.
- Panadol inasaidia. Jeli ya diklofenaki ya kupaka nayo inasaidia, ila muulize mfamasia kwanza, hasa kama una mimba, vidonda vya tumbo au pumu.

USIFANYE HAYA

Usichanje chale, usikande kwa jiwe la moto wala maji yanayounguza, na usinunue antibaotiki dukani kwa kubahatisha. Unaweza kuacha kidonda na ugonjwa ukabaki pale pale.

NENDA HOSPITALI UKIONA

- Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi
- Ngozi imeingia ndani au imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa
- Chuchu iliyokuwa nje imezama ndani, au ina kidonda kisichopona
- Chuchu inatoa damu, au majimaji yanajitokea yenyewe
- Titi moja limebadilika umbo ghafla
- Maumivu ya sehemu moja tu, hayafuati mwezi na hayaishi
- Titi jekundu, la moto, na homa

Jikague mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, maana hapo matiti huwa laini. Usisubiri kila kitu kiwe sawasawa na picha za mtandaoni. Unachotafuta ni mabadiliko kwenye matiti yako mwenyewe.

UKIFIKA ITAKUWAJE?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika utapewa rufaa hospitali ya wilaya, kisha Bombo, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wetu. Daktari atauliza kuhusu hedhi, mimba na dawa unazotumia, kisha atakupima kwa mikono. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike awepo, na unaweza kwenda na mama, dada au shangazi. Kwa umri mdogo kipimo cha kwanza huwa ni ultrasaundi, na hakiumi. Kukiwa na mashaka, huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe maabara.

Shirika la Afya Duniani linashauri majibu ya uchunguzi yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa hiyo ukiambiwa rudi, rudi. Wakikaa kimya, fuatilia.

Maumivu yanayokuja na kuondoka na mwezi, yazoee na uyatulize. Uvimbe usiouma ndio wa kuupeleka kwa daktari wiki hii hii. Una mdogo wako wa kike? Mtumie makala hii, huenda naye anaogopa kuuliza.